Kilio Nilichompokonya Dani

Rusinga, Jumamosi

Simu ndizo siwezi kuzisahau. Leo tumemzika Dani, nyanya yangu, na nilipoingia bomani nikilia kwa sauti, kama desturi yetu inavyotaka, watu waliinua simu.

"Si ndiye yule mjane wa kwa TV?" msichana mmoja akasema. "Ebu rudia, dada, video ilikuwa haijashika!"

Wakacheka. Shangazi akanivuta kando. "Nyathina, mwanangu, hapa si jukwaani. Punguza."

Nipunguze nini? Sikuwa naigiza. Lakini nilipojaribu tena nilijisikia mwenyewe: sauti inapanda palepale, inakatika palepale, mikono kichwani, vilevile kama jukwaani. Nikanyamaza. Dani ameingia kaburini bila kilio changu.

Kilio kile nilikiandika katika tamthilia yangu, nikakiigiza kama mjane ukumbini Homa Bay, kisha kwenye runinga. Wote wanakisifu. Hakuna anayejua nilikitoa kwa Dani mwenyewe, siku alipomlilia babu. Yeye alijua. Alipokitazama alinishika tu mkono, na mimi nikadhani ananipongeza.

Jumatatu tuna onyesho Migori. Huko nitalia vizuri, na watapiga makofi.