Betri za Juu ya Bati

Ngao, 4 Septemba 2025

Mjomba Jairus,

Shikamoo. Habari za Voi, na masikio yanaendeleaje? Sisi wazima, ila mama amechoka kukupigia simu; anasema juzi alikuuliza hali ukamjibu mvua. Ndiyo maana naandika. Tena kwenye karatasi sioni haya.

Nina la kukiri. Nimefungua sanduku lako la kanda. Ile yenye maandishi ya Kijerumani nimeisikiliza mara tisa kwenye redio yako. Mbona haina mwimbaji? Inaanza na mvumo mmoja, naosha vyombo vyote haujabadilika. Kisha zinakuja noti nane, zilezile, zinatembea kama ng'ombe wa jirani zetu kina Bule wakitoka mtoni wameshiba maji. Kaka George anasema ni friji ya hospitali inaomba toba. Mimi nasimama tu na sufuria mkononi. Ni nini hiki?

Mpwa wako,
Metrine

Voi, 19 Septemba 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima kuanzia shingoni kwenda chini.

Kanda hiyo nilipewa na fundi wa maji Mjerumani aliyekuja hapo Ngao nikiwa na umri wako. Kwao, miaka ya sabini, vijana walichoka na gitaa wakashika vinanda vya umeme, nyaya nje nje kama matumbo ya mbuzi. Mashine inarudia noti nane, mtu kazi yake kugeuza vifundo polepole mpaka sauti ibadilike rangi. Nilidhani ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyerukwa na akili.

Lakini ng'ombe? Noti zile huenda mbio, kama wasichana wawili wanaotwanga kinu kimoja! Bila shaka unatumia betri zilizochoka, za kuanikwa juu ya bati. Redio ikikosa nguvu, kanda hujikokota na sauti hushuka. Nakutumia mpya kwa basi. Sasa utausikia muziki wenyewe.

Mjomba wako

Ngao, 22 Novemba 2025

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Mitihani imeisha, mto umefika kwenye migomba, sote wazima.

Betri zilifika zamani. Nilizitia siku ileile. Wasichana wako walitwanga kweli, na juu yao vikalia vijisauti vyembamba kama ndege wadogo. Kwa betri zangu zilizochoka ndege hao huwa wanene, wanaguna. Ni vizuri, Mjomba, lakini ng'ombe wangu hawakuwapo. Nililia. Nikarudisha zile za juu ya bati.

Basi ninachokipenda si muziki, ni betri kuisha? Nilitaka tuwe wawili. Kumbe wewe ulipenda kingine na mimi kingine. Niliona haya kukuambia.

Mpwa wako,
Metrine

Voi, 1 Desemba 2025

Metrine wangu,

Barua imenikuta na uzima, Mungu ashukuriwe. Sikukasirika, ila aliyepiga alipima mwendo wake, usimfugie ng'ombe.

Nami nikiri. Daktari anasema masikio yangu yanafia juu, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Kuku nawasikia, vifaranga siwasikii. Nakuja Jumamosi tarehe 13. Tia betri mpya. Nataka niwasikie wale ndege mara moja tena kabla mlango haujafungwa.

Mjomba wako

Voi, 18 Desemba 2025

Mpwa wangu,

Nilifika salama. Mwambie mama kambare wake walifika na nguvu kunishinda mimi.

Ya Jumamosi nitayasema mimi. Ulibonyeza, nikasikia kinu kikitwangwa, na juu yake hapakuwa na kitu. Nilitabasamu msijue. Wewe ulijua. Ukatoa betri zangu, ukapanda kwenye kiti ukashusha zile za juu ya bati, ukazitia, ukatoka nje bila kuniangalia.

Ng'ombe wako wakaja, polepole. Na juu yao, Metrine, wale ndege! Walikuwa wamenenepa, wameshuka mpaka mahali ninapofika. Nimewasikia wote.

Betri mpya mpe George kwa tochi yake. Zile nyingine usizitupe, zianike vizuri. Pasaka narudi, tusikilize sote wawili.

Mjomba wako