Shubiri Moja ya Utepe

Ami Mbarouk,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ile ile tuliyokuwa tukijaribia redio, chumba kile kile cha jengo la Tianxiu, na kiti chako nimekirundikia maboksi. Usinune. Chumba unakijua kilivyo, na wewe hukikalii tena. Ni mwezi wa nane sasa tangu tukuzike hapa Guangzhou, na leo ndiyo mara ya kwanza nimepata la kukwambia.

Nianze na habari za mtaa. Treni ya chini ya ardhi inafanya kazi, ile uliyoapa kwamba wewe huingii ardhini ukiwa mzima. Nimeipanda mara mbili. Ina baridi na ina kasi, basi. Wale Wakongo wa chumba cha jirani bado wapo, bado wananunua nguo soko la Shahe, na yule mrefu kila tukikutana kwenye lifti ananiuliza habari za mzee wa fidla, "Papa Seif, vieux wa violon alirudi kwenu?" Mara ya kwanza nilimwambia umefariki. Akavua kofia, akasikitika sana, na wiki iliyofuata akauliza tena. Siku hizi namjibu kwamba ndiyo, umerudi. Redio kaseti bado nasafirisha, ingawa wateja wa Dar wameanza kutaka zenye CD.

Fidla yako nilimpelekea Zuhura. Nilimpa abiria mmoja wa Unguja ninayemwamini, akaipakata kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun hadi nyumbani kama mtoto mgonjwa. Siku tatu baadaye binti yako akanipigia simu. Hakulia. Alisema, "Kaka Seif, fidla imefika salama, lakini imefika bubu. Huna kaseti ya baba? Hata kidogo tu."

Ulijua kwamba ile kaseti yako ya nyumbani Zuhura ndiye aliyeifuta? Alikuwa na miaka tisa, akarikodi nyimbo za redio juu yake. Na utepe mkubwa wa klabu yenu ya taarabu umeota ukungu, ameuona mwenyewe. Kwa hiyo akanihesabia: kaburi liko China, mazishi hakuyaona, na sauti ya baba kaifuta kwa mkono wake. Alisema kwa mpangilio huo huo, bila kupandisha sauti. Mimi nikamjibu kama wauza duka wa hapa wanavyokujibu wakitaka uondoke: "Meiyou." Halafu nikaona haya, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba hakuna.

Nilipokata simu nikakumbuka zile kaseti za kukatwa.

Ikabidi nimpigie tena nimweleze, maana yeye hakuwahi kuziona. Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe: makampuni ya Ulaya na Marekani, kaseti zisipouzika, wanazipitisha kwenye msumeno zisiuzwe tena, kisha wanazileta huku kama plastiki ya kuyeyushwa. Huku hazifiki kwenye moto. Zinafika kwa yule laoban wetu, mama mwenye duka la uchochoroni, mwenye mizani, na sisi tulizinunua kwa kilo ili tupate cha kujaribia redio kabla ya kufunga maboksi. Muziki gani, hatukujali. Kaseti ikizunguka na spika ikilia, redio ni nzima.

Mpaka siku ulipofungua lile gunia. Zilikuwa kaseti arobaini na kidogo, zote za fidla tupu, zote za kutoka Ayalandi, na kila moja ina karatasi yenye ramani ya kisiwa na nukta nyekundu kuonyesha mpigaji ni wa wapi. Walirikodiwa majikoni kwao, viti vinasikika. Nilikusomea karatasi kwa Kiingereza changu cha skuli na wewe ukawa unasikiliza umefumba macho. Siku hiyo redio sita zilipakiwa bila kujaribiwa.

Ndani ya mwezi mmoja ulikuwa unawajua bila kutazama ramani. Wa Donegali, kaskazini, upinde wao mfupi na mkavu, kila sauti na pigo lake. Ulisema wanapiga kama watu wenye baridi. Wa Slaigo wana madoido mengi, ulisema hao wanajua kwamba wanatazamwa. Wa Keri wanawapigia wachezaji, si wasikilizaji. Na wa Klea, magharibi, wanakwenda taratibu, na wana zile sauti za kati ambazo kinanda hakina. Hao uliwaita jamaa. Mimi nilisikia fidla tu. Ukanikemea: "Mtu wa Makunduchi na mtu wa Tumbatu wote wanasema Kiswahili, lakini akifungua mdomo huwezi kujua katoka wapi? We Seif una masikio ya kushikia miwani."

Nilicheka, lakini nilielewa pia. Klabu yako ilikuwa imenunua kinanda cha umeme chenye kitufe cha fidla, na wewe ukaambiwa upumzike. Ndiyo maana ulikubali kuja kunisaidia kufunga maboksi. Miaka miwili hukuwa umepiga mbele ya mtu.

Msumeno ulikuwa unakula kona ya kaseti pamoja na utepe uliokuwa ndani yake. Wengine wote wa hapa huunga kwa selotepu, muziki unaruka kidogo, maisha yanaendelea. Wewe ulisema huko ni kumkata mtu kauli. Ukawa unachukua shubiri moja ya utepe mtupu, unaipachika pengoni kwa selotepu nyeupe, kisha unapiga fidla yako mwenyewe juu ya ile shubiri. Sekunde nne, tano. Kwa bahati nzuri watu hao hurudia kila kipande, kwa hiyo kilicholiwa mzunguko wa pili ulikuwa umekisikia wa kwanza. Kwa sekunde nne ulikuwa unafanya mazoezi siku nzima. Uliusogeza mkono kwenye upinde ili uwe mtu wa kaskazini, ukaurudisha ili uwe wa kusini. Penye mguu unaogonga sakafu, uligonga mguu. Nilipokuuliza faida yake nini, ukasema, "Usinisikie. Ukinisikia, nshaharibu."

Sasa nikiri. Ulipofariki, mimi nilizirudisha zile kaseti kwa laoban. Gunia lilikuwa linanizuilia mlango. Nililibeba begani, nikalitua kwenye mizani yake, nikaondoka na gunia jingine. Sikuwaza hata kidogo. Zuhura alifuta akiwa na miaka tisa. Mimi nina arobaini na moja.

Nilikwenda uchochoroni mbio. Laoban aliponiona tu akainuka, akaenda nyuma ya pazia, akalitoa lile gunia. Halikuwa limefunguliwa. Akaniambia kwa ule mchanganyiko wetu wa Kichina cha sokoni na vidole kwamba hizi ni za mzee, na za mzee haziuzwi. Nikalitua gunia kwenye mizani ili tupatane. Akaliteremsha. Kumbe ulikuwa ukimtengenezea redio yake kila Ijumaa ukitoka msikitini, na hukuniambia.

Basi nikaanza. Viungo vyako vinaonekana, ile selotepu nyeupe, kwa hiyo mahali pa kusikiliza nilipajua. Nikaisogeza kila kaseti mpaka kwenye kiungo, nikabonyeza, nikasikiliza. Upande wa kwanza, upande wa pili. Donegali: Mwayalandi. Slaigo: Mwayalandi. Ilinichukua majuma matatu, kila mchana baada ya Adhuhuri, na mlango nimeufunga. Kila palipo na shubiri yako nilimkuta mtu wa jikoni kwao anaendelea na shughuli zake. Nilijua kwa macho kwamba ni wewe. Kwa masikio hukuwepo.

Nikafikiri labda ni masikio yangu. Nikampigia Zuhura, nikaiweka redio karibu na simu, nikamsikilizisha nne zilizo safi kuliko zote. Alisikiliza zote kwa adabu. Kisha akasema, "Huyo mzungu, kaka. Baba si huyo." Nikamwambia ni wewe, utepe ninao mkononi, naiona selotepu. Akanijibu, "Mimi sitaki selotepu." Alikuwa na haki. Ulifanya kazi yako vizuri mno, Ami, na nilikukasirikia. Nilikaa hapa mezani nikakutukana kwa jina. Nikalia pia, nikaona nikwambie.

Ilibaki moja. Ya Klea, ya yule bibi anayepiga polepole, uliyekuwa ukisema ungemposa. Nilikuwa nimeiacha mwisho bila kujiuliza kwa nini. Nilipoona karatasi yake nikaikumbuka siku yenyewe. Lori lilikuwa linangoja chini, dereva anapiga honi, lifti imeharibika, na mimi napita na maboksi. Ulikuwa umetoka kurikodi. Ukanishika mkono, hukuwa na desturi ya kunishika mkono, ukasema, "Hebu skiliza hapa. Naona nimetoka, nasikika." Ukarudisha utepe. Mimi nilikuwa natazama dirishani kwenye lori. Nikasema, "Safi kabisa, Ami. Hamna kitu." Ukaniangalia kidogo. Halafu ukaiamini kauli yangu, ukaifunga kaseti, ukaja kunisaidia kubeba.

Nimeisikiliza sasa. Bibi anashuka taratibu na tuni yake, anafika kwenye kiungo, na wewe unaingia. Sauti mbili za kwanza ni za kwake. Ya tatu ni ile sauti ya kati, na hapo mkono wako ukajisahau. Badala ya kupita kama anavyopita yeye, ukakaa juu yake, ukaitikisa, ukaiteremsha pole pole kama nyinyi wa taarabu mnavyofunga bashrafu, mpaka nikaona kabisa kidevu chako kimelala juu ya fidla. Kisha ukashtuka, ukakimbilia kwenye mstari, na bibi akaendelea kama hakuona kitu. Ni sekunde mbili, pengine tatu. Hata mimi mwenye masikio ya miwani nimesikia.

Nilimpigia Zuhura leo asubuhi. Sikumwambia mahali. Nilianzisha tangu juu, nikamwacha amsikilize bibi dakika nzima. Ilipofika pale akavuta pumzi, na nilisikia kitu kikianguka jikoni kwake. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Nilirudisha mpaka kadi ya simu ikaisha.

Ningelikuwa nimesikiliza siku ile, Ami, ningekwambia umetoka. Ungeirudia hadi jioni, lori lingeondoka, na leo binti yako asingekuwa na kitu. Sijui nikushukuru au nikuombe radhi. Nafanya yote mawili, na sitaki ulifanye jambo hili kuwa kubwa.

Kaseti ya Klea naipeleka mwenyewe nikirudi kabla ya Ramadhani, mfukoni, si kwenye mzigo. Nimefikiria kumkatia Zuhura ile shubiri peke yake, imzungukie bila kukoma, nikaacha. Atakusikia mahali ulipo, baina ya bibi na bibi. Sitaunga, sitasafisha, na fundi yeyote akiniambia kuna kosa pale nitamwambia ndiyo, lipo, liache.

Lala salama, Ami Mbarouk. Nitakuwa natangulia kusikiliza kabla ya kusema safi. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na lori lingoje.

Ulisema nikikusikia, umeharibu. Nimekusikia.

Seif