Utani Ambao Losana Hakuujibu

Suva, Fiji
Jumatano

Baba yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za binti yako. Goti lako linaendeleaje? Na yule jogoo wa Mama, bado anapanda mezani wakati wa sala? Mimi ni mzima, na hata hesabu zimeanza kunielewa.

Najua umeudhika. Bwana Emosi amekupigia simu kwamba nimehama kwake bila kuaga, na kwamba mji umeniharibu. Kuhama nimehama. Niko kwa Shangazi Makereta, nalala chumba kimoja na mtani wangu Losana, na unavyomjua dada yako, nimelishwa magimbi mpaka sketi ya shule inanibana.

Losana ni yuleyule. Mtoto wa shangazi ana ruhusa ya kukutania kwa lolote, naye ruhusa hiyo anaitumia yote. Kabla sijahama, nilikwenda kwao Jumamosi moja kusaidia kumenya muhogo. Akaanza, eti nakimbilia kwao kwa sababu wali ninaopika umewashinda hata mbwa wa Bwana Emosi. Nikamjibu huku nacheka kwamba mbwa hawana neno, ila mwenye mbwa huingia chumbani kwangu na kunishika, nami hujifanya nimelala.

Kwa desturi alipaswa kunirudishia kali zaidi, tucheke, yaishe. Nilikuwa nikingoja hivyo. Losana akaweka kisu chini.

"Rudia," akasema, "ila usicheke."

Nikarudia. Baba, sikujua maneno yale ni mazito kiasi gani mpaka nilipoyatamka bila kucheka. Shangazi alikuwa mlangoni na sufuria yake, akasikia yote. Hakuniuliza nilivaa nini wala kwa nini nilinyamaza. Alinikumbatia kwa mikono yake iliyolowa, akaniambia kosa si langu, na Jumatatu akanipeleka polisi mwenyewe. Sikurudi tena kule.

Ningekwambia mapema, lakini simu ya dukani husikilizwa na kijiji kizima. Tena niliogopa. Yeye ni rafiki yako tangu utoto, nawe ulinikabidhi kwake ukiamini kwake ni kama kwako. Sikulaumu hata kidogo. Nakupenda, na niliogopa kukuvunja moyo.

Sasa tumesikia anakuja huko kwa meli ya Ijumaa, pamoja na wazee wawili na jino la nyangumi. Nakujua, hujawahi kukataa jino la kuombwa msamaha. Ng'ombe wake walipomaliza viazi vikuu vyako alileta jino, ukalipokea, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuvitaja viazi vile nyumbani. Atapiga magoti, atalia, ataomba na hili lizikwe vivyo hivyo.

Mimi si viazi, Baba.

Losana yumo katika meli hiyohiyo, akikuletea barua hii. Ameapa atashuka wa kwanza hata kwa kuruka majini, nawe unajua hawezi kuogelea. Mpe chai, umvumilie mdomo wake. Mbusu Mama, mwambie asilie kabla sijafika, tutalia pamoja.

Na Bwana Emosi akikunyooshea jino, iache mikono yako magotini. Niwekee mimi mikono hiyo. Nakuja likizo.

Binti yako akupendaye,
Ateca