Nyuzi za Hermilo Cobos

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache. Jarana, gitaa lako dogo, tulilitundika ukutani, na ubao wa kuchezea ngoma ya fandango tukauegemeza jikoni, kama matanga yanavyotaka.

Ulikuwa mpole. Ulichonga magitaa ya mwerezi bila haraka, na ulisalimia hata mbwa wa majirani. Lakini Mama akipanda ubaoni kugonga visigino, ulimwimbia ubeti mpya, na wanawake wa pande zote za mto Papaloapan wakamwonea wivu.

Ila tuseme kweli: ulitutia shaka. Kabla ya kila fandango ulinyoa ndevu, ukavaa kofia mpya, ukavuka mto kwenda kwa Nicanora, mwanamke wa ng'ambo, ati kununua nyuzi za gitaa. Mama hakudanganyika.

"Nyuzi gani hizo zinazokatika kila sherehe ikikaribia?"

Ulicheka tu. Nasi tukasema dalili ya mvua ni mawingu. Mazishini Nicanora alilia kutushinda wafiwa, na Mama akaapa hatakanyaga tena ubao ule alipoimbiwa uongo.

Juzi, baada ya misa yako ya mwaka, bibi huyo akaja na mkongojo wake na kapu la tamali, mikate ya mahindi. Mama akatunong'oneza, "Mke mwenza kafika. Tamali zake msiguse."

Nicanora akasikia. "Mwanangu, mumeo hakujua kutunga hata mstari mmoja. Beti zote alizokuimbia nilimtungia mimi."

"Hata ule wa uchumba?"

"Hata huo."

"Yesu wangu! Kumbe nimeolewa na wewe!"

Ndipo bibi akaeleza kwamba ulipoanza kuugua ulimpelekea ubeti mmoja uliotunga mwenyewe, uimbwe siku ubao utakapolazwa tena matanga yakiisha:

Nikitangulia chini,
na usivue viatu,
gonga ubao wa kwetu,
nisikie kaburini.

Mama akamkazia macho. "Una hakika huu si wako?"

"Wangu ungekuwa mzuri zaidi."

Hapo Mama alilia, Baba, kilio alichokizuia mwaka mzima. Kisha akaagiza viatu vyake vya kuchezea, tukaulaza ubao, akapanda, akagonga mpaka kuku wakatawanyika. Bila shaka ulisikia.

Wanaokukumbuka ni mkeo Fidencia, wanao Otilia na Crisanto, wakwe na wajukuu zako, na Bibi Nicanora, aliyeongezwa hapa kwa amri ya Mama.

Hatutakusahau kamwe. Na viatu hatavua.