Mpira Wangu na Jicho la Tulio

Mtaa wa Cobden, Nambari 14,
Wirrabeen, Victoria.
Jumapili, 16 Septemba 2018.

Mpendwa kaka Alwyn,

Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri, na kwamba lile goti halikutesi sana na joto la huko Broome. Wifi Delphine hajambo? Na binti yenu Tamsin, bado yuko kwenye boti za lulu au ameshachoka na maji? Sisi huku wazima wa mwili. Ross anahangaika na ngano kwa sababu mvua ya Agosti haikuja, na upepo wa kaskazini umeanza mapema mwaka huu. Unapuliza vumbi tangu asubuhi, na mabati ya ghala hayanyamazi.

Nimeanza barua hii mara tatu. Mara ya kwanza niliinuka kuchemsha chai, mara ya pili nikatoka kufunga banda la kuku, nikakuta limefungwa. Mara ya tatu niliinuka tu.

Najua umenikasirikia. Kadi zako mbili ziko hapa mezani, na ujumbe wako wa siku yangu ya kuzaliwa sikuujibu. Si kwamba nilikuwa na mambo mengi, Alwyn. Nilikuwa na jambo moja tu, na sikuweza kumwambia mtu, hata mume wangu Ross.

Unamkumbuka Tulio Zanatta, mchimba visima, aliyekuwa akikushinda gofu huku akitafuna sandwichi? Ana miaka sabini na moja sasa. Mimi na mkewe, Nives, tumekuwa marafiki miaka thelathini. Na bila shaka unaukumbuka mpira wangu, maana hukuacha kunicheka kwa ajili yake. Unaanza safari vizuri, unakwenda mbele kwa adabu zote, halafu katikati ya njia unakata kulia, kama mtu aliyekumbuka kitu dukani.

Siku ya kufungua msimu, mwisho wa Aprili, nilikuwa shimo la saba. Unajua kulia kwake ndipo lilipo shimo la pili. Tulio alikuwa ameinama pale kwenye duara la mchanga lenye shimo, akilisawazisha kwa reki kabla ya kupiga, na Nives amesimama kando yake. Nikapiga. Mpira ukaenda mbele, kisha ukaanza kupinda.

Niliuona. Tangu ulipoanza kugeuka nilijua unakwenda wapi. Kila mcheza gofu anajua la kufanya hapo: unapiga kelele kwa nguvu zako zote ili watu wainame. Mimi nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Labda niliona haya kuwapigia watu kelele kwa mara nyingine tena, nao wameshanizoea. Labda nilidhani ungepita. Tulio aliinua kichwa, na mpira ukampata kando ya jicho la kushoto.

Alilala hospitalini Melbourne siku kumi na moja. Mfupa uliunga, lakini jicho lile linaona ukungu tu. Watu wote wakasema ni bahati mbaya. Kamati ya klabu wakaniletea maua, Alwyn, mimi! Niliyaweka kwenye ndoo nje ya nyumba, sikuweza kuyatazama.

Fimbo nikazitupa ghalani nyuma ya magunia. Nilipoliona gari la kina Zanatta barabarani nilitazama upande wa pili. Kwenye basi la shule ninaloendesha nikaanza kuwahesabu watoto mara mbili kila kituo, na kupiga honi kila kona, hata pale ambapo hakuna mtu ila kondoo. Watoto walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili wakaanza kunitazama vibaya.

Katikati ya Juni Tulio akaja nyumbani kwa miguu, kofia imeshushwa upande wa lile jicho. Hata salamu hakutoa.

"Ziko wapi fimbo zako, Mama Basi?"

"Sichezi tena, Tulio."

"Nani kakuruhusu kuacha? Mimi ndiye niliyepigwa na sijatoa ruhusa."

Nilianza kulia. Akaniacha nilie, akaingia ghalani mwenyewe, nikamsikia anayaburuta magunia. Aliporudi na mfuko wangu begani alisema, "Sikiliza. Nikikaa nyumbani Nives ananipa kazi ya kupanga soksi. Mpira wa mbali siwezi kuukadiria tena. Lakini nikisimama nyuma ya mtu, kosa lake naliona vizuri sana. Twende tukatengeneze huo ugonjwa wako kabla haujanitoa na jicho la pili."

Basi nikawa naenda kwao kila Jumatano na Jumamosi, kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba yao. Siku ya kwanza alinitazama nikipiga mara moja tu, akashika kichwa.

"Unaishika fimbo kama mtu anayening'inia dirishani ghorofa ya tatu! Usukani wa basi unaushika hivyo?"

"Hapana."

"Ungeushika hivyo mngekuwa mtaroni zamani."

Akanigeuza mkono wa kushoto juu ya fimbo, kidogo kuelekea kulia, mpaka nikitazama chini nione vifundo vitatu vya vidole badala ya kimoja. Akaniambia nilegeze vidole mpaka aweze kuichomoa fimbo bila kugombana nami. Kisha akanieleza kosa lenyewe, ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunieleza, hata wewe. Fimbo ikifika kwenye mpira, viganja na mikono vinatakiwa vigeuke, mkono wa kulia upite juu ya wa kushoto, uso wa fimbo ujifunge. Mimi nilikuwa nakaza vifundo vya mikono kwa hofu. Uso unabaki wazi, unaukwangua mpira kwa pembeni, nao unazunguka na kukimbilia kulia. Kadiri nilivyoogopa kulia, ndivyo nilivyokaza, na ndivyo ulivyokwenda kulia.

Wiki mbili sikupiga mpira hata mmoja. Alinipa ndoo. "Maharage ya Nives yako kushoto kwako. Yamwagie." Nikayamwagia. "Si hivyo, unamwaga kama unaosha miguu. Rusha! Kiuno kwanza, mikono ifuate, viganja vigeuke mwisho." Nikarusha, maji yakaruka kama shuka, na nikaisikia mikono inageuka yenyewe bila kuamriwa. Nives alikuwa dirishani jikoni. Alinitazama nikiyanywesha maharage yake, akavuta pazia.

Baada ya ndoo ikaja zamu ya kiatu. Tulio aliweka buti lake la zamani upande wa nje wa mpira. Fimbo ikitokea nje na kukata kuingia ndani, kama ilivyo tabia yangu, inalipiga buti. Siku ya kwanza buti liliruka mbali kuliko mpira. Lakini Julai ilipokwisha lilikuwa linakaa pale pale, na mipira ikaanza kwenda mbele, mmoja kati ya mitano, kisha miwili.

Ungetegemea nifurahi. Sikufurahi. Kila mpira ulionyooka ulinizidishia joto kifuani. Nilikuwa nazunguka uwanja ule kabla ya kupiga, naokota vijiti, nafunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.

"Mikono umeiachia," Tulio aliniambia Jumatano moja ya Agosti. "Sasa taya. Umebana taya kama mbwa mwenye mfupa. Una nini wewe?"

Nikamwambia. Nilisema kwa kasi, macho nimeyaelekeza kwenye mpira. Nilikuona, Tulio. Nilikuwa na muda. Sikupiga kelele.

Alilikung'uta buti lake.

"Najua," akasema. "Masikio yangu ni mazima. Siku ile nilisikia fimbo, sikusikia mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Wiki tisa, Glenys! Nimechimba visima kwenye miamba kwa muda mfupi kuliko huo."

"Na Nives?"

"Nives alijua kabla yangu. Alikuwa anakutazama wewe, si mpira."

Nilikwenda mlango wa jikoni. Nives alifungua, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Nilisema yote tena, safari hii nikimtazama usoni.

"Mpira ulikuwa bahati mbaya," akasema nilipomaliza. "Mpira sina shida nao. Lakini nilikuona mdomo uko wazi. Miaka thelathini napiga soga na wewe, hujawahi kukosa la kusema hata siku moja. Ukalikosa siku ile."

"Nisamehe, Nives."

"Nina mkate kwenye oveni," akasema, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokaa mwezi mzima. Nilimweleza Ross usiku huohuo. Naye, unamjua, alinishika bega tu. Watu wa klabu nao nikawaambia, kwenye kikao, nimesimama. Mmoja wao hanisalimii tena. Ni haki yake.

Jana ilikuwa siku ya kufunga msimu, mashindano ya wawili wawili, mpira mmoja, mnapokezana kupiga. Tulio alituandikisha mimi na yeye bila kuniuliza. Mimi nipige ya mbali, yeye amalizie karibu na shimo, ambapo jicho moja linamtosha. Nilitaka kukataa. Akasema jina limeshaandikwa kwa wino.

Shimo la kwanza tulikwenda vizuri, la tatu vibaya, la tano nilipiga mpira ulionyooka hata nikamsahau Tulio, nikaukimbilia peke yangu. Kisha tukafika la saba, na zamu ilikuwa yangu. Kulia, shimo la pili lilikuwa tupu. Waliokwisha kucheza walikuwa kushoto, chini ya mikaratusi, wanachoma soseji, na Nives alikuwa miongoni mwao kwenye kiti cha kukunja. Watu wakageuka kunitazama. Nilisikia mafuta yanatatarika kwenye jiko.

"Ndoo," Tulio alisema nyuma yangu. Basi, neno hilo tu.

Nikalegeza vidole. Nikapiga, na mikono ikageuka, ikageuka kupita kiasi! Mpira ukapaa, ukasita, ukapinda kushoto, Alwyn. Kushoto! Maishani mwangu sijawahi kupiga mpira ukaenda kushoto. Moja kwa moja kwenye mikaratusi, kwenye soseji, kwenye watu.

"Angalieniii!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Koo linaniuma mpaka leo. Nilikuwa nimeitoa kabla mpira haujamaliza kupanda, na nikairudia mara mbili nikikimbia kuelekea kwao huku natupa mikono. Wote walilala chini kama waliokatwa kwa panga. Ndege waliruka kutoka kwenye miti. Mpira ukagonga shina, ukaangukia kwenye sahani ya vitunguu, na hapakuwa na mtu aliyeguswa.

Nilifika nikihema. Nives alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti chake, majani yamejaa kwenye nywele. Aliinuka, akajikung'uta sketi, akanitazama.

"Leo tumekusikia," akasema.

Kisha akauokota mpira kwenye vitunguu, akaufuta kwa aproni, akampa Tulio aliyekuwa anakuja akicheka mpaka amejishika mbavu. Tulishika nafasi ya mwisho kwa mbali sana.

Jioni, tukipanga viti, Nives alinijia. Jumanne Tulio ana miadi na daktari wa macho Melbourne, wanataka kujaribu upasuaji. Yeye Nives anaogopa kuendesha barabara kuu, na Tulio haruhusiwi kuendesha. "Basi lako lina likizo ya shule wiki ijayo?" aliuliza. Nikasema halina, lakini nitatafuta mtu wa kunishikia zamu. Akasema, "Saa kumi na moja alfajiri, basi. Mimi nitakaa mbele, nikikaa nyuma natapika."

Ni mwendo wa saa nne njiani, Alwyn. Nimeshajaza mafuta, nimeosha vioo, nimepima upepo wa magurudumu mara mbili, na leo ni Jumapili tu. Sijui Nives atasema nini njiani. Sijui kama daktari atasema ndiyo. Ninachojua ni kwamba Nives akinyamaza, mimi sitanyamaza.

Nisalimie Delphine kwa mikono miwili, na umbusu Tamsin kwa ajili ya shangazi yake. Ross anawasalimu, na jirani yetu Enid, aliyekufundisha piano, anauliza kila Jumapili kama bado una vidole vyote. Mungu awatunze, awape usingizi mwema, na akipenda anigawie na mimi kidogo.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikikaa kimya,

Glenys