Mgongo Wangu Kwenye Kioo

Jumatatu, 7 Agosti 1989
Likizo, sifundishi. Nafuma sweta, miguu ndani ya karai la maji. Imevimba tena. Ukungu wa Moiben umegoma kuondoka. Mtoto anageuka tumboni polepole.

Jumatano, 9 Agosti
Hospitalini Eldoret. Daktari wa ganzi, mama kutoka Kisumu, alinipaka jeli mgongoni, si tumboni. Nilidhani amekosea. Mgongo huu ulipinda nikiwa mdogo, ukabana moyo. Anasema moyo hautastahimili uchungu wa kuzaa. Sindano ya mgongo itanituliza, lakini kwa mifupa iliyopinda hivi, lazima mashine ya picha imwonyeshe pa kupitisha sindano.

Nikaiona mifupa yangu kwenye kioo cha mashine. Vivuli ndani ya ukungu, vikienda upande kama ng'ombe wanaoteremka mtoni. Miaka yote nimeuficha mgongo huu chini ya sweta. Nilitamani kuendelea kutazama.

Alhamisi, 10 Agosti
Nimelazwa. Mama mkwe kaleta mursik, maziwa yake ya kibuyu yaliyoganda. Kazaa wanane, hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti yake. Amenikumbusha kwamba kwetu mwanamke halii. Naogopa kufa. Naogopa zaidi kulia. Ujinga, lakini ndivyo.

Ijumaa, 11 Agosti
Uchungu ulianza asubuhi. Daktari alitazama kioo, akachora alama mgongoni kwa kalamu, akachoma. Akauliza kama bado naumwa. Nikasema hapana. Akafurahi.

Uongo. Upande wa kulia ulikuwa umeyeyuka kwa ganzi, wa kushoto unawaka moto. Akauliza tena. Hapana. Moyo ukakimbia, pumzi ikakatika, madirisha ya wodi yakaanza kuelea. Daktari akainama karibu.

"Mwalimu, hii mashine inanionyesha mifupa tu. Kuhusu uchungu, ni wewe wa kuniambia."

"Naumwa, daktari. Huku kushoto. Naumwa sana."

Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Jeli tena, baridi. Sindano ilikuwa imeegemea upande mmoja. Alama mpya, akachoma upya. Moto ukazimika kidogo kidogo, moyo ukatulia. Nikaota nikiwa macho: mahindi marefu, mvua ikija kwa mbali. Mtoto alilia kabla sijajua amefika. Msichana.

Jumamosi, 12 Agosti
Mama mkwe aliuliza kama nililia. Nikamwambia nilisema naumwa, na nilisema kwa sauti. Akamfunika mtoto vizuri. Kisha akavuta kiti, akaanza kunisimulia uchungu wa wale wanane, mmoja mmoja. Alipomzaa mume wangu alitamani kupiga mayowe Moiben yote isikie. Nimemsikiliza mpaka chai ikapoa.