Bomba Ulilolikumbuka Hatimaye

Baba Mapacha,

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu. Watoto wanatoka shule saa tisa, usiwasahau. Mama yako mpe dawa ya kikohozi iliyo kwenye jagi, nusu kikombe. Usiichemshe! Mizizi ile inalowekwa tu.

Sasa bomba. Miaka mitatu nimekuomba uzibe bomba linalovuja uani. Wewe, fundi bomba! Jirani akipiga simu unatoka mbio na spana mkononi. Mimi naambiwa, “Kesho, mama, kesho.” Nikachoka. Pale kwenye tope nikapanda khatmi, maana mmea huo unapenda majimaji, na mizizi yake ndiyo hiyo ya jagini. Ukastawi mpaka ukanipita kimo.

Leo asubuhi nakuta majani yamelegea na udongo umepasuka. Kumbe uliliziba wiki iliyopita kimyakimya! Nawe umesimama mlangoni unachekelea: “Umeona? Kero imekwisha.” Nimeamua kukuandikia kwa sababu mama yako alikuwa anasikia. Ningefungua mdomo, pasingekalika.

~~Litoboe tena.~~ Hapana, bili ya maji itatuua. Mwagilia kwa ndoo, nne kila jioni, wewe mwenyewe, mpaka mizizi ikomae. Mgongo wangu haumo. Na usiniambie kesho. Mama yako anakohoa leo.

Nimeenda kazini. Simu sipokei.

Mkeo
(Ningekuwa mteja, ungekuja siku ileile.)